Desibeli kuliko nini?

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukipiga katika hoteli moja hapa Kisumu, upande wa kuelekea Dunga. Bendi yetu siku hizi ni watu watatu na laptopu. Mpiga ngoma alihamia Eldoret, kwa hiyo ngoma na tarumbeta zinatoka kwenye traki iliyorekodiwa. Mimi napiga gitaa la solo, mzee wetu yuko kwenye besi, na kijana wa kinanda ndiye mwenye laptopu na miksa, mashine ya kuchanganya sauti zetu. Saa tatu usiku meneja akaja amekunja uso.

"Vijana, punguzeni desibeli."

Kijana wa kinanda akamwonyesha miksa. "Boss, angalia mwenyewe. Iko sifuri."

Meneja akainama, akaitazama ile sifuri, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa risiti, akaenda zake. Kelele haikupungua hata chembe.

Nimelisikia neno hili likiteswa miaka mingi, lakini siku hiyo nilichoka. Desibeli si kipande cha kelele, kama vile kilo ilivyo ya sukari. Ni uwiano: nguvu ya kitu kimoja ikilinganishwa na ya kingine, kisha ukatafuta logi (logarithimu) yake na kuizidisha kwa 10. Kile kijitabu cha jedwali ulichokitupa baada ya kidato cha nne kinatosha. Logi ya 2 ni 0.3010, kwa hiyo nguvu ikiwa maradufu ni desibeli 3. Ikiwa mara kumi, desibeli 10. Ikiwa mara mia, desibeli 20. Desibeli isiyo na cha kulinganishwa nacho ni kama kusema Otieno ni mrefu mara mbili, halafu ukanyamaza.

Na neno lenyewe halikuzaliwa kwenye disko. Lilizaliwa kwenye simu. Mafundi wa simu wa Marekani walikuwa na tatizo moja: sauti inatoka mji huu ikiwa na nguvu, inafika mji wa pili ikiwa hoi. Walihitaji kusema imepotea kiasi gani njiani. Mwanzoni waliupima upotevu huo kwa maili za waya: simu hii imepoteza sauti kama ambavyo ingepotea kwenye maili kadhaa za waya wa aina fulani. Kipimo hicho kilikuwa na dosari, maana waya huohuo hauipotezi sauti nyembamba na sauti nene kwa kiasi kimoja. Mwaka 1924 wakaingia kwenye hesabu ya logi, wakakiita kipimo kipya kwa jina kavu lililomaanisha kizio cha upitishaji tu. Mwaka 1928 wakakibatiza desibeli, kwa kumbukumbu ya Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu mwaka 1876. "Desi" ni ileile ya desimita, sehemu ya kumi. Beli nzima ni mara kumi, na hiyo ni hatua kubwa mno kwa kazi ya kila siku, wakaikata vipande kumi. L ya pili ya Bell waliiacha njiani. Ila B yake ilibaki kubwa, ndiyo maana kifupi huandikwa dB. Anayeandika DB kwenye bango la harusi namsamehe. Anayeandika hivyo kwenye mashine anayouza, hapana.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza neno hili lilikuwa likijibu swali: imepungua kiasi gani kutoka pale hadi hapa? Ukiondoa "pale", hutabaki na kitu.

Hapo ndipo ile sifuri ya kijana wetu inapoleta balaa, kwa sababu kuna sifuri tatu na hakuna inayomjua mwenzake. Sifuri ya laptopu ni dari: sauti haiwezi kupanda zaidi bila kuchanika, ndiyo maana kila kitu chini yake kinaandikwa kwa alama ya kutoa. Sifuri ya feda, kile kitelezo cha kupandisha na kushusha sauti kwenye miksa (feda, si fedha, fedha hata haijafika), maana yake ni kwamba kilichoingia ndicho kinachotoka, hakikuongezwa wala kukatwa. Na sifuri ya mtu wa mazingira mwenye mashine ya kupimia kelele mkononi ni sauti hafifu kabisa, karibu na mwisho wa uwezo wa sikio la binadamu mzima. Meneja alisoma sifuri ya pili akaielewa kama ya tatu. Kwa akili yake, tulikuwa tukipiga rumba kimyakimya.

Ugomvi wetu wa kila wiki unatoka hapohapo. Kijana ananiambia, "Traki yangu iko kutoa kumi, gitaa lako liko sifuri, wewe ndiye unayetufunika." Lakini traki yake imebanwa studio mpaka karibu yote inagusa dari, ngoma haina pumzi. Gitaa langu linaingia likiwa dhaifu, linapanda nikikwaruza na kushuka nikigusa. Feda inasema tu kila kilichoingia kimebadilishwa kiasi gani. Haijui nani ana kelele zaidi ukumbini. Ukitaka kujua hilo, toka nyuma ya kinanda, shuka mpaka meza ya mwisho karibu na mlango wa jikoni, simama, sikiliza.

Wati nazo zina mkanganyiko wake. Meneja huyohuyo aliwahi kubadilisha amplifaya ya wati 500 akaleta ya 1,000, akitarajia sauti maradufu. Alinunua desibeli 3. Sikio kwa kawaida linataka kama 10 ndipo likubali kwamba sasa sauti ni maradufu, yaani wati 5,000, na spika za kuzibeba.

Sasa, kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaandika dB(A), na hiyo A watu huiruka kama doa la wino. A ni mizani inayojaribu kusikia kama sikio, na sikio halijali sana besi. Mdundo wa mitetemo 50 kwa sekunde hukatwa kama desibeli 30 kabla haujahesabiwa. Ndiyo maana jirani anaweza kulalamika kwamba mabati yake yanatetemeka, mashine ikataja namba ya upole, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Hata hivyo, A haitatuokoa: maeneo ya biashara yanaruhusiwa 60 mchana na 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo unaanza saa mbili. Watu wawili wakizungumza tu mezani wanakaribia 60. Saa tatu ile, hata meza ya walaji samaki ilikuwa imevunja sheria.

Mzee wa besi, ambaye hajawahi kugusa kijitabu cha logi, ndiye pekee aliyelitumia neno sawasawa usiku ule. Meneja alipoondoka alisema, "Omera, mpunguzie sita basi." Kijana akauliza, "Sita kuliko nini?" Mzee akajibu, "Kuliko sasa hivi."

Basi, boss, ukirudi Jumamosi ijayo sema hivyohivyo: punguzeni sita kutoka hapo mlipo. Au sema tu punguzeni kelele. Hilo tutalielewa pia, na halihitaji kuinamia miksa.