Sato hayali mayai yake: uvuvi wa kandokando ya Ziwa Victoria wakati wa masika

Kila mwaka, mvua za Machi zikishakolea, swali hili hunikuta kwenye mwalo mmoja au mwingine, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mama anayepaa samaki kwa ajili ya wateja wa asubuhi anamfungua sato mdomo, chembe za manjano zinamwagika ubaoni, naye ananigeukia: "Mtaalamu, hivi huyu mbona anakula mayai yake?" Waliosimama wanacheka. Hakosekani mmoja wa kuongeza kwamba ndiyo maana samaki wanakwisha ziwani, wanajila wenyewe.

Hayali. Anayalea, na mdomo ndio mahali pekee anapoyaamini.

Dume la sato husogea kwenye maji ya pwani, mara nyingi kina kisichozidi kimo cha mtu, akachimba shimo la mviringo kwenye mchanga au tope jepesi, mfano wa karai. Maji yakiwa meupe unaweza kuyaona mashimo hayo ukiwa ndani ya mtumbwi, yamepangana kama vitanda vya mboga. Jike huja, hutaga kidogo kidogo, na kila anapotaga huyaokota mayai kwa mdomo huku dume akiyarutubisha. Akishamaliza anaondoka zake na mamia ya mayai kinywani, jike mkubwa hata zaidi ya elfu moja. Dume anabaki na shimo lake akisubiri jike mwingine. Malezi yote yako juu ya mama. Mayai huanguliwa kabla ya wiki kwisha, lakini vifaranga hubaki humo humo mpaka kiini walichozaliwa nacho kiishe. Hata akianza kuwaachia watoke, kivuli kikipita juu ya maji hurudi mbio mdomoni. Kazi nzima huchukua kama wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili mama hali, au hula kidogo mno. Wavuvi wazoefu humtambua bila kumfungua mdomo: kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, na tumbo limeingia ndani.

Sasa mtazame kijana aliyekaa juu ya jiwe na fimbo yake, uzi na mnyoo. Ndoano humsubiri samaki anayekuja kula, na mwenye mdomo uliojaa watoto haji kula. Kwa hiyo kijana yule, bila kujua na bila kukusudia, huwavua zaidi madume na majike yasiyolea. Kokoro, yaani wavu wa kuburuta, haliulizi nani amefunga na nani anakula. Linaburuta chini kwa chini, linamzoa mama na baba, linasawazisha mashimo na kung'oa majani ambayo vifaranga wangejificha humo. Timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, nayo ina ubaya wake: uzi wake hauonekani majini, bei yake ni rahisi, na kipande kikikatika kinaendelea kunasa samaki asiye na mwenyewe. Zana zote mbili zimepigwa marufuku, na naamini marufuku hiyo ingeeleweka zaidi mialoni kama tungeanza kwa kueleza habari ya mdomo wa sato kabla ya kutaja faini.

Sato huzaliana mwaka mzima. Masika ni kilele tu, na sababu yake ni maji. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 lakini si refu kwenda chini: kwa wastani ni mita 40, na penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Sehemu kubwa ya maji yake, takriban asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Kagera, Mara, Simiyu, Mbalageti na Grumeti huleta kiasi kidogo zaidi, ila huja na kitu ambacho mvua ya juu haina: udongo, majani yaliyooza, chakula cha wadudu ambao nao ni chakula cha samaki. Maji yanapanda, majani ya ukingoni yanafunikwa, na kifaranga anapata chakula na maficho mahali pamoja. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuvuka rekodi ya mwaka 1964. Watu walipoteza mashamba na nyumba, na sitaki kulifanya jambo hilo kuwa jepesi, lakini kwa samaki wachanga nyasi zilizozama ni makazi mapya.

Mafunjo yana siri nyingine. Ndani kabisa ya mafunjo, maji yana hewa kidogo sana kwa sababu ya majani yanayooza. Sangara hastahimili hali hiyo. Furu kadhaa, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, na samaki wengine wadogo hustahimili, hivyo huingia humo na kuwa salama, adui yao akiishia mlangoni. Baada ya sangara kupandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, furu wengi walitoweka kwenye maji ya wazi, na vinamasi vya kandokando pamoja na maziwa madogo ya jirani, kama Nabugabo upande wa Uganda na Kanyaboli upande wa Kenya, vikawa hifadhi ya samaki ambao katika ziwa kuu wamekuwa adimu. Mtu anayefyeka mafunjo apate kipande cha kulima mpunga anaona nyasi tu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wengi huidhania kuwa sheria ya kulinda maji ya kunywa peke yake.

Wazee watakukumbusha samaki aitwaye ningu. Huyu hakai ziwani mwaka mzima akatosheka. Mito inapofurika hupanda makundi kwa makundi kwenda kutaga huko juu, kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Zamani watu wa mitoni walimtega kwa mitego ya matete, nao walivua wakala na bado ningu alirudi mwaka uliofuata. Nyavu za kutega zilipofika midomoni mwa mito zilimkuta njiani, tumbo limejaa mayai, kabla hajataga hata moja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeanguka, na leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuna ubaya gani kutega mdomoni mwa mto kwa siku chache tu za mafuriko, jibu langu ni kwamba siku chache hizo ndizo siku zote alizonazo ningu.

Ugomvi wa ukubwa wa macho ya nyavu nao si wa jana. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi wa ziwa hili na kupendekeza macho yasipungue inchi 5, ili kumnusuru ngege, sato wa asili wa hapa. Sato tunayemla leo ni mgeni, aliletwa miongo mitatu baadaye.

Kwa anayevua kandokando msimu huu, vipimo viwili vinatosha kuanzia. Sato asipungue sentimita 25, sangara asipungue 50, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Sangara wadogo wako karibu na nchi kavu, na sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume, kwa hiyo wa sentimita 30 anayeonekana mnene kwenye beseni bado ni mtoto. Jike la sato likinaswa hai na mayai mdomoni, lirudishe upesi bila kulibana kichwa, maana likishayatema nje ya maji basi. Wenye migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, nao watazame chambo chao: furu na kambare wachanga wanaochotwa ukingoni kwa wavu mdogo wanatoka kwenye mazalia yale yale.

Ukikuta samaki wamekufa wanaelea baada ya mvua kubwa, usiwaokote kuuza. Huenda ni sumu, huenda pia ni maji kukosa hewa. Njia ya kukisia ni kuangalia waliokufa ni akina nani. Hewa ikipungua, sangara huwa wa kwanza, huku kambare na kamongo wakiendelea kuishi kwa kuwa wanaweza kupumua hewa ya juu. Ukikuta hata hao wamekufa, na vyura pamoja nao, hofu ya sumu inakuwa kubwa. Mpigie afisa uvuvi au viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi mwaloni, kabla ya kumgusa samaki yeyote.

Na ngurumo. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo hutoka ziwani, na mvua hunyesha zaidi juu ya nchi. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu huja toka kila upande na kukutana juu ya maji yenye joto, ndipo dhoruba huinuka, hasa kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Anayesukuma mtumbwi saa mbili usiku akiona nyota zote anadanganyika kirahisi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa kila siku. Usikilize, na jaketi okozi livaliwe, lisifanywe mto wa kulalia.

Huulizwa pia kama tungefunga ziwa kabisa wakati wa masika. Kenya hufunga uvuvi wa omena, yaani dagaa, kuanzia Aprili hadi Julai, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Kwa Ziwa Victoria mimi naegemea kufunga mazalia yanayojulikana, yaani ghuba ndogo, midomo ya mito na kingo za mafunjo, na kuyalinda kweli kweli, kuliko kufunga maji yote na kumwachia mwenye ndoano njaa ambayo hakuisababisha.

Masika iliyopita nilimwona kijana aliyepima sato wake kwenye kasia, akasita, akamrudisha majini, kisha akampima mwingine kwa kiganja. Nikamuuliza alama ya kipimo iko wapi. Akasema kasia la zamani lilivunjika, na hili jipya bado halijachongwa. Mama wa ubao wa samaki akampa kisu, tukapima 25 kwa rula yangu, akachonga pale pale, kisha akachonga na ya 50 upande wa pili.