Eti kopo likiuzwa dukani basi ni salama?

Juzi gym jamaa kanionyesha kopo lake jipya, ile poda ya kunywa kabla ya mazoezi, nikamuuliza humu ndani kuna nini, akasema si imeandikwa hapo nyuma. Nikaligeuza. "Mchanganyiko maalum gramu 6", chini yake viungo vinane na hakuna hata kimoja kilichoandikwa kiasi chake. Sasa hapo umesoma nini kaka?

Watu wanaamini kitu kikifika dukani kuna mkubwa ameshakipima. Makopo mengi yanatoka Marekani, na kule kwa sheria yao ya 1994 kampuni haihitaji kibali cha FDA (mamlaka yao ya chakula na dawa) kabla ya kuanza kuuza saplimenti, FDA wanakuja kuhangaika nayo baadae mambo yakishaharibika.

Nyingine ni hii ya "ni ya asili, ni majani tu". Ephedra nayo ni majani tu, ikajazwa kwenye vidonge vya kupunguza mwili, 2003 mchezaji wa baseball Steve Bechler akafariki kwa joto kali la mwili baada ya kuitumia na mwaka uliofuata Marekani wakaipiga marufuku kwenye saplimenti. Au chukua mirungi yetu hii, Kenya inauzwa hadharani barabarani, ukivuka kuja Tanzania ni kesi, halafu WADA, wale wa dunia wanaopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, wao hawajali uko upande gani wa mpaka, kathini iliyomo ukikutwa nayo siku ya mashindano kupita kiwango chao umeumia. Kwa hiyo "halali" ya sheria ya nchi na "halali" ya michezo ni vitu viwili. Kafeini ndio kinyume chake, zamani ilikuwa kwenye orodha ya marufuku, ikatolewa 2004, kahawa yako kunywa.

Kreatini, ile poda ya nguvu wanayotumia wengi gym, siyo steroidi. Haijakatazwa, gramu 3 hadi 5 kwa siku inatosha, tuache kuwatisha madogo.

Ule muwasho wa usoni na masikioni ambao watu wanasema "imeanza kufanya kazi"? Ni beta-alanini, kiungo kimoja cha hizi poda, inachezea mishipa ya fahamu tu, nguvu haijaja bado. Ila moyo ukidunda hovyo hiyo ni kafeini, na skupu moja ya baadhi ya hizi poda ina miligramu 300 wakati FDA wanasema mtu mzima mwenye afya asizidi kama 400 kwa siku nzima, we unapiga skupu mbili na chai ya asubuhi juu.

Halafu "nitawaambia sikujua". Haisaidii sana, kilichomo mwilini mwako ni chako. Nesta Carter, mkimbiaji wa Jamaika, sampuli yake ya Olimpiki ya Beijing 2008 ilipimwa tena miaka minane baadae ikakutwa na methylhexanamine, dawa iliyokuwa ikiwekwa sana kwenye hizi poda, na 2017 timu nzima ya kupokezana vijiti ikanyang'anywa dhahabu. Usain Bolt hakufanya kosa lolote na yake ikaenda.

Kama unashindana tafuta kopo lenye alama ya Informed Sport, hao wanapima kila bechi kama ina vitu vilivyokatazwa michezoni, kisha ulinganishe namba ya bechi na iliyo kwenye tovuti yao. Tulijaribu na kopo la jamaa. Alama haina, na namba ya bechi pale chini imekwanguliwa.