Jimbo la Marekani si mkoa: dhana potofu kuhusu rais, kura na katiba ya nchi hiyo

Makosa mengi tunayoyafanya tunapozungumzia serikali ya Marekani huanzia kwenye neno moja la Kiswahili, nalo ni jimbo. Kwa Mtanzania, jimbo ni eneo linalompeleka mbunge mmoja Dodoma. Kwa Mkenya wa umri mkubwa, neno hilo humkumbusha mabishano ya vyama vya KANU na KADU wakati wa uhuru. Na kwa msomaji wa Goma, jimbo ni Kivu Kaskazini, sehemu ya nchi iliyo chini ya Kinshasa. Ndipo anaposikia habari za jimbo la Texas, kila mmoja hulipima kwa pishi ya kwao, na picha anayoipata haifanani na kile Wamarekani walichokiandika katika katiba yao mwaka 1787.

Dhana: Magavana ni wasaidizi wa rais

Texas ina katiba yake, bunge lake lenye mabaraza mawili, mahakama zake hadi ngazi ya juu kabisa, na gavana anayechaguliwa na wakazi wa Texas wenyewe. Rais hamteui gavana, hamhamishi, wala hana uwezo wa kumfuta kazi, na ndiyo maana si ajabu kumwona gavana akimshtaki mahakamani rais aliye madarakani bila mtu yeyote kushangaa. Marekebisho ya Kumi ya katiba, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanasema kwamba madaraka ambayo serikali ya shirikisho, yaani ile ya taifa zima, haikupewa, na ambayo majimbo hayakukatazwa, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo yanayomgusa Mmarekani kila siku, kama vile ndoa, shule, leseni ya udereva, ardhi, polisi wa mjini na kesi za mauaji, huongozwa na sheria za jimbo analoishi. Michigan iliacha kuwanyonga wauaji katikati ya karne ya 19, ilhali Texas inaendelea kutekeleza hukumu ya kifo hadi leo, na rais hawezi kuilazimisha Michigan iirudishe wala Texas iifute.

Hata msamaha wa rais, ambao wengi hudhani unafungua mlango wa gereza lolote, unahusu makosa dhidi ya sheria za shirikisho peke yake. Aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo kwa kuvunja sheria ya jimbo hutazama kwa gavana, au kwa bodi ya jimbo, pale ambapo katiba ya jimbo imeipa bodi kazi hiyo.

Jambo linalowatatiza zaidi wasomaji wa kwetu, waliozoea kuisubiri tume ya uchaguzi, ni kwamba Marekani haina tume ya taifa inayojumlisha kura na kumtangaza mshindi. Ipo tume ya shirikisho yenye jina la uchaguzi, lakini kazi yake ni kusimamia fedha za kampeni. Kila jimbo huendesha uchaguzi wake kwa taratibu zake, huhesabu, na kuthibitisha matokeo yake; vituo vya televisheni vinavyomtaja mshindi usiku wa Novemba vinatoa makisio yao, ambayo hayana nguvu yoyote ya kisheria. Hesabu yenye nguvu hiyo hufanyika Januari 6, mbele ya mabaraza yote mawili ya bunge la shirikisho.

Dhana: Anayepata kura nyingi za wananchi ndiye rais

Hapa ndipo penye kisa kirefu. Nchini Tanzania mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake hutangazwa mshindi, na nchini Kenya ni lazima avuke nusu ya kura zote na pia apate robo ya kura katika angalau kaunti 24. Marekani haifuati njia yoyote kati ya hizo mbili. Mpiga kura anapoweka alama kwenye jina la mgombea, kwa hakika anachagua kundi la wajumbe wa jimbo lake watakaompigia kura mgombea huyo mwezi Desemba. Wajumbe hao ni 538 nchi nzima, na anayefikisha 270 ndiye rais. Kila jimbo hupata wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake wa Baraza la Wawakilishi ukijumlisha maseneta wake wawili, na mji mkuu, Washington, ulipewa wajumbe wake watatu kwa marekebisho ya mwaka 1961. (Msomaji wa Zanzibar asichanganyikiwe: baraza hili na la kwao yanafanana kwa jina tu.)

Majimbo 48 humpa mshindi wajumbe wote, hata akishinda kwa tofauti ya kura chache; Maine na Nebraska pekee ndiyo yanayowagawa kufuata maeneo ya uchaguzi. Kutokana na utaratibu huo, mgombea anaweza kushinda kwa kura nyingi mno katika majimbo machache, akashindwa kwa kura kiduchu katika mengi, na mwisho akarudi nyumbani akiwa amechaguliwa na watu wengi kuliko rais mwenyewe. Mwaka 2000 Al Gore alimpita George W. Bush kwa takriban kura nusu milioni, lakini wajumbe 25 wa Florida walikwenda kwa Bush kwa tofauti ya kura 537, baada ya Mahakama ya Juu kuikomesha hesabu ya marudio tarehe 12 Desemba. (Wengine huiita mahakama hiyo Mahakama Kuu, jina ambalo Tanzania na Kenya ni la mahakama iliyo chini ya ile ya Rufani.) Mwaka 2016 Hillary Clinton aliongoza kwa karibu kura milioni 2.9, na Donald Trump akaapishwa.

Wanaodhani kwamba haya ni mambo mapya hawajasoma habari za mwaka 1876. Samuel Tilden, mgombea wa chama cha Democratic, alipata zaidi ya nusu ya kura zote za wananchi, na wajumbe 184, akipungukiwa na mmoja tu. Majimbo matatu ya Kusini yalileta matokeo yanayopingana, na mjumbe mmoja wa Oregon naye akawa na utata. Bunge likaunda tume ya watu 15, ambayo kwa kura 8 dhidi ya 7 ilimpa mpinzani wake wa chama cha Republican, Rutherford Hayes, wajumbe wote waliobishaniwa, akafikisha 185. Muda mfupi baadaye askari wa shirikisho waliacha kuzilinda serikali za mwisho za Republican huko Kusini, na Wamarekani Weusi waliokuwa wameanza kupiga kura na kuchaguliwa wakaachwa mikononi mwa mabwana zao wa zamani. Kwa maoni yangu, hakuna uchaguzi wa Marekani ulioumiza watu wengi kwa muda mrefu zaidi kuliko huo.

Kwa nini basi waliuweka utaratibu huu? Jibu linalorudiwa mara kwa mara, kwamba waasisi waliogopa wananchi wasio na elimu, ni nusu tu ya ukweli. Katika mkutano wa Philadelphia ulioandika katiba, James Madison, mmoja wa waasisi hao, alieleza waziwazi kwamba kura ya moja kwa moja ingeyanyima majimbo ya Kusini uzito, kwa kuwa watumwa wao wasingepiga kura. Mfumo wa wajumbe uliondoa tatizo hilo, kwa sababu viti vya Baraza la Wawakilishi vilikuwa vimegawanywa kwa hesabu ya watu ambayo ndani yake watumwa watano walihesabiwa kama watatu. Na hapo pana dhana nyingine ya kunyooshwa: waliotaka mtumwa ahesabiwe kuwa mtu kamili walikuwa wenye watumwa, kwani hesabu hiyo ingewaongezea viti na wajumbe bila kumpa mtumwa mwenyewe chochote. Watu weusi waliokuwa huru walihesabiwa kamili tangu mwanzo.

Katiba hailazimishi hata wananchi wawachague wajumbe. Inaliachia bunge la kila jimbo liamue namna ya kuwapata. Bunge la South Carolina liliendelea kuwateua lenyewe hadi mwaka 1860. Kuubadili mfumo wote kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza na kisha idhini ya majimbo 38 kati ya 50, na majimbo madogo hayaoni sababu ya kuidhinisha kupunguziwa sauti yao.

Dhana: Lincoln aliwaachia huru watumwa wote mwaka 1863

Tangazo la Rais Abraham Lincoln la Januari 1, 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, liliwahusu watumwa wa maeneo yaliyokuwa yameasi, yaani yale ambayo kwa sehemu kubwa jeshi la Lincoln lilikuwa bado halijayafikia. Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, majimbo ya utumwa yaliyobaki ndani ya shirikisho, hayakuguswa. Wala Tennessee haikuguswa, wala sehemu za Louisiana na Virginia zilizokuwa tayari mikononi mwa jeshi la serikali. Wapo wanaolisoma tangazo hilo leo na kumwita Lincoln mnafiki, na hilo nalo ni kosa. Kwa katiba ya wakati ule, utumwa ulikuwa jambo la sheria za jimbo, na rais hakuwa na uwezo wowote wa kuufuta katika jimbo tiifu. Alichokuwa nacho ni cheo cha Amiri Jeshi Mkuu, na kwa cheo hicho aliweza kumnyang'anya adui nguvu kazi yake wakati wa vita. Kila jeshi liliposonga mbele, tangazo lilikwenda nalo, na maelfu kwa maelfu ya waliotoroka mashamba walijiunga na jeshi hilohilo.

Maryland iliufuta utumwa kwa katiba yake mpya mwishoni mwa 1864, na Missouri ikafuata Januari 1865. Huko Galveston, Texas, agizo la kuwaachia watu lilisomwa Juni 19, 1865, miezi zaidi ya miwili baada ya Jenerali Lee wa jeshi la waasi kusalimu amri. Kentucky na Delaware zilishikilia watumwa wao hadi Desemba 1865, Marekebisho ya 13, yaliyoufuta utumwa nchi nzima, yalipoidhinishwa na robo tatu ya majimbo, na Lincoln alikuwa kaburini tangu Aprili.

Pwani yetu haikuwa mbali na kisa hiki kama tunavyodhani. Kitambaa cha merikani, kilichobebwa kutoka Unguja hadi bara kama fedha ya misafara, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoikata pamba hiyo, wafanyabiashara wa Zanzibar waliona pengo sokoni.

Dhana: Rais akiamua, imekwisha

Amri za rais huagiza namna watumishi wa serikali ya shirikisho watakavyotekeleza sheria zilizopo na madaraka ambayo katiba imempa. Hazigeuki kuwa sheria za bunge, na rais anayefuata anaweza kuzifuta siku ya kwanza. Harry Truman alipoamuru viwanda vya chuma vichukuliwe na serikali mwaka 1952, katikati ya vita vya Korea, Mahakama ya Juu ilimwambia kwamba hana uwezo huo, akavirudisha. Woodrow Wilson alisafiri hadi Paris baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akaubuni Umoja wa Mataifa wa kwanza (League of Nations), ule ambao kwa dhamana yake Uingereza ilitawala Tanganyika, kisha Seneti ya nchi yake ikaukataa mkataba, na Marekani haikujiunga kamwe. Fedha za bajeti hutolewa na bunge. Kura ya turufu ya rais hupinduliwa na theluthi mbili ya mabaraza yote mawili.

Kwenye vita, lakini, desturi imekwenda mbali na maandishi. Katiba inalipa bunge uwezo wa kutangaza vita, na mara ya mwisho lilifanya hivyo mwaka 1942. Korea, Vietnam na Iraq zote zilipiganwa bila tangazo la namna hiyo, ingawa kwa baadhi yake bunge lilipitisha maazimio ya kuruhusu nguvu kutumika. Anayesema rais wa Marekani ana nguvu kupita kiasi ana hoja hapa kuliko mahali pengine popote.

Mambo mawili niyapite haraka. Idadi ya majaji tisa wa Mahakama ya Juu haimo katika katiba: ilianza kuwa sita, ikafika kumi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na imekuwa tisa tangu 1869 kwa sheria ya kawaida ambayo bunge linaweza kuibadili. Nao ukomo wa vipindi viwili vya urais haukuwekwa na waasisi. Ulikuwa desturi aliyoiacha George Washington, Franklin Roosevelt akaivunja kwa kuchaguliwa mara nne, na Marekebisho ya 22 yakaifanya sheria mwaka 1951.

Dhana: Rais aliyeshtakiwa bungeni ameng'olewa

Vichwa vya habari vya Kiswahili vimechangia kosa hili kwa kuandika "ang'olewa" pale ambapo Baraza la Wawakilishi limepiga kura ya kumshtaki tu. Kura hiyo huhitaji wingi wa kawaida, na kazi yake ni kama hati ya mashtaka. Kesi husikilizwa na Seneti, ambako theluthi mbili lazima wamwone ana hatia ndipo aondoke. Wakenya waliziona hatua zote mbili Oktoba 2024, pale Bunge la Taifa lilipopitisha hoja dhidi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua na Seneti ikamwondoa siku chache baadaye. Nchini Marekani hatua ya pili haijawahi kufanikiwa dhidi ya rais yeyote. Andrew Johnson aliponea kwa kura moja mwaka 1868, Bill Clinton akaachiwa mwaka 1999, na Trump akaachiwa mara mbili, mwaka 2020 na 2021.

Richard Nixon, anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeng'olewa, hakuwahi hata kupigiwa kura na baraza zima. Kamati ya sheria ilipitisha mashtaka matatu Julai 1974, viongozi wa chama chake wakamweleza kwamba kura za kumwokoa hazipo, naye akajiuzulu Agosti 9. Mwezi uliofuata Gerald Ford alimsamehe, na msamaha huo, kwa maneno yake yenyewe, ulihusu makosa dhidi ya Marekani. Makosa ya sheria za jimbo, kama yangepatikana, yasingefunikwa nao.