Kisanduku Kitupu Si Sifuri: Kwa Wanafunzi Wanaokuja Fildi ya Takwimu za Afya Shuleni

Kila msimu wa fildi tunapokea wanafunzi wa vyuo wanaotaka kuchambua data za afya za shule za msingi. Wengi wanakuja na hamu ya kuchora ramani na grafu. Mimi huwaanzisha kwenye kusafisha data za upimaji wa minyoo na kichocho, na nawaomba wasiidharau kazi hiyo, kwa sababu inaweza kuamua kama watoto wa wilaya fulani watapata dawa au watakosa.

Tuseme watoto 300 wa wilaya moja wamechaguliwa kupimwa minyoo ya tumbo, na kila mmoja amepewa kikopo cha kuletea choo. Kesho yake 250 wanarudisha vikopo. Kati yao 55 wana minyoo, yaani asilimia 22. Mwanafunzi anakuta visanduku 50 vitupu kwenye jedwali, anavijaza sifuri ili programu isigome. Sasa 55 inagawanywa kwa 300, na maambukizi yanashuka hadi asilimia 18.3. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kingatiba, yaani kumezesha dawa kundi zima bila kumpima kila mmoja, maambukizi yakianzia asilimia 20, kwa hiyo wilaya nzima imeshatoka kwenye orodha ya kupata albendazoli, dawa ya minyoo, bila mtoto hata mmoja kupona. Sifuri ni mtoto aliyepimwa na hakukutwa na mayai ya minyoo. Kisanduku kitupu ni mtoto ambaye hali yake hatuijui.

Safu ya mayai nayo itazameni kwa makini. Kwa njia ya Kato-Katz, mtaalamu wa maabara hujaza kinyesi kwenye tundu la kibao linalochukua miligramu 41.7, huhesabu mayai kwa hadubini, kisha huzidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu moja. Kwa slaidi moja, basi, utaona 24, 48, 72 na kuendelea. Ukikuta 50, rudi kwenye fomu ya karatasi: huenda hesabu haikuzidishwa, au mwandishi aliteleza. Slaidi zikiwa mbili na ukachukua wastani, 12 na 36 ni halali kabisa. Aliyewahi kusimama karibu na hadubini haimpiti hitilafu kama hiyo, ndiyo maana nasisitiza kila mwanafunzi ashiriki upimaji shuleni kabla hajafungua kompyuta.

Shule ikionyesha imemezesha dawa watoto wengi kuliko walioandikishwa, usiipunguze namba ili ifike asilimia 100. Pengine watoto wasiosoma nao wamekuja kumeza, na sisi wenyewe ndio tunaowahamasisha waje. Mpigie mwalimu wa afya, uliza, andika maelezo.

Majina ya watoto yabaki kwenye fomu zilizofungiwa kabatini. Wewe tumia namba za utambulisho. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, fikiria kijiji kidogo: darasa, umri na jinsia vinatosha watu kumjua mtoto mwenye kichocho.

Kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi anaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mwalimu mkuu: wangapi walipimwa, wangapi walikutwa na maambukizi, matibabu yamefikia wapi, na vyoo na maji ya shule vina hali gani. Walimu huacha vipindi vyao ili watoto wapimwe, halafu majibu hayawarudii. Hilo linaniuma. Ndiyo maana ukurasa huo unatangulia kufika shuleni, ripoti ya chuo inafuata.