"Anakula, analala": maswali ya wazazi wenye vijana kwenye baridi ya Ulaya

Kila ikifika Novemba, huku Dar tukianza kulalamikia joto, kwenye kliniki ninayofanyia kazi huanza kuingia wazazi ambao mgonjwa wao hayuko Tanzania. Mgonjwa yuko London, Stockholm au Helsinki, na mzazi amekuja na simu mkononi. Tatizo ni kwamba wengi hawaji Novemba. Wanakuja Februari, kijana akiwa ameshaacha kuingia darasani. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza kuhusu sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, inayokuja na giza la baridi ya huko. Kuna jibu moja nitalirudia, na ninalirudia kwa makusudi.

Giza la huko lina tofauti gani na letu? Hata huku jua linazama.

Linazama, lakini halituhangaishi. Tuko karibu na ikweta: siku yetu ndefu ya Desemba na ile fupi ya Juni hazipishani hata saa 1 nzima, na adhana ya magharibi haiendi mbali na saa 12 na nusu mwaka mzima. London, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Stockholm huzama kabla ya saa 9, mchana wote ukiwa na takriban saa 6 tu. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kijana anatoka asubuhi kuna kiza, anarudi kuna kiza. Nyinyi wazazi mnampeleka soko la Karume kumtafutia koti zito la mitumba, mnakumbuka hadi soksi na glavu. La giza hamlisemi.

Huu ni ugonjwa, au ni kukumbuka nyumbani tu?

Ni ugonjwa. Ni aina ya sonona inayokuja na majira: huanza siku zinapofupika, hupungua zinaporefuka, na mwaka unaofuata hurudi. Norman Rosenthal na wenzake waliueleza kitaalamu huko Marekani mwaka 1984. Mwili una saa yake, na saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Mwanga ukikosekana, usingizi, nguvu na furaha ya mtu huyumba. Hata wenyeji wa huko wanaugua, kwa hiyo msiseme mtoto wenu ni legelege.

Mwanangu anakula vizuri na analala vizuri. Kwa nini niwe na wasiwasi?

Hapa ndipo tunapopotezana. Sonona tuliyoizoea humnyima mtu usingizi na hamu ya chakula. Hii ya majira mara nyingi hufanya kinyume: mtu analala saa nyingi na anaamka amechoka, anatamani wanga na sukari kutwa nzima, ananenepa. Mama akisikia "nimekula, nimelala" anashukuru Mungu na kukata simu.

Mama mmoja aliiweka simu mezani kwangu, video ikiwa wazi. Kwetu ilikuwa saa 7 mchana, kwa kijana saa 4 asubuhi. "Unaona daktari, amenawiri," akasema. Nilichokiona mimi ni pazia lililofungwa, kijana yuko kitandani na koti mwilini, na bakuli tatu za tambi zimepangwa sakafuni. Nikamuuliza mara ya mwisho kutoka nje ni lini. Akafikiri, akageuza uso, akasema hakumbuki siku. Mama yake hakuongea tena hadi tulipomaliza.

Kwa hiyo acheni kuuliza "umekula?" Ulizeni: leo umetoka nje? Umeonana na nani wiki hii? Kitu ulichokuwa unakipenda, bado unakifanya? Umeamka saa ngapi?

Si atazoea? Mwaka wa kwanza ni mgumu kwa kila mtu.

Uchovu wa siku chache, ndiyo, utapita. Lakini akikaa wiki 2 mfululizo hana raha siku nyingi, hana hamu ya chochote, anajitenga, anashindwa masomo au kazi, hapo hakuna kuzoea. Amuone daktari huko aliko. Wiki hiyo hiyo, asingoje mwezi ujao.

Lakini si umesema hupungua majira yakibadilika? Asubiri Machi.

Asisubiri. Ninajua mnavyofikiri: vumilia mwanangu, tumeuza kiwanja cha Mbagala kukupeleka huko, jikaze. Nalisikia neno "jikaze" kila wiki na linanitia uchungu, kwa sababu anayeambiwa hivyo hajikazi, anaacha tu kusimulia. Kuanzia siku hiyo anawajibu "niko poa", na nyinyi mnalala.

Kutoka Novemba hadi Machi ni miezi 4. Katika miezi hiyo mtu anafeli mitihani, anafukuzwa kazi, anaanza pombe ili apate usingizi, na wengine hufikia kuwaza kujiua. Asisubiri.

Je, na kama nikimwombea?

Mwombee, nami sitakuzuia. Ila dua haimzuii kwenda kwa daktari. Ninachokipinga ni kumweka mtoto kwenye simu usiku wa manane akiombewa, halafu kesho anakosa mwanga wa asubuhi kwa kulala hadi mchana. Na kumwambia karogwa na ndugu ni kumwongezea hofu juu ya ugonjwa.

Kuna mtu anasafiri wiki ijayo. Nimpelekee vidonge vya usingizi?

Hapana. Hapana kabisa. Mtu huyu tayari analala kupita kiasi. Diazepamu na ndugu zake haziponyi sonona, huleta uraibu, na zikikutana na pombe hudhoofisha pumzi hadi mtu anaweza kufa. Isitoshe, unamwekea rundo la vidonge chumbani mtu ambaye huenda anawaza kujidhuru. Anayekuuzia dawa hizi dukani bila cheti hakufanyii hisani. Umeshanunua? Usizipeleke.

Naogopa kumuuliza kama anawaza kujiua. Si nitampandikizia wazo?

Humpandikizii. Kuuliza waziwazi humpa nafasi ya kutua mzigo. Uliza kwa maneno mepesi: "Mwanangu, umewahi kuwaza bora ufe?" Kisha nyamaza umsikilize. Usimkemee, usimwambie ni dhambi kabla hajamaliza.

Akikubali, asiachwe peke yake. Tafuta mwenzake wa chumba, jirani, Mtanzania yeyote wa karibu aende alipo. Akiwa hatarini wakati huo, apige au apigiwe 999 kwa Uingereza, 112 kwa nchi za Umoja wa Ulaya, 911 kwa Marekani na Kanada. Huko Marekani na Kanada kuna pia 988, namba maalumu ya watu wenye mawazo ya kujiua. Uingereza kuna pia Samaritans, shirika linalosikiliza watu wenye dhiki, 116 123, saa 24 bila malipo. Ziandikeni kwenye karatasi, mzibandike pale mnapochajia simu.

Akienda hospitali, viza haitafutwa?

Kuumwa sonona na kutibiwa si kosa la uhamiaji. Hofu hii imechelewesha vijana wengi mno. Mwanafunzi aliyeko Uingereza kwa viza ndefu ameshalipia huduma ya afya wakati wa kuomba viza. Ajiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki anayofika, angali mzima. Na daktari hatawapigia simu nyinyi wala mjomba kumweleza siri yake.

Afanye nini mwenyewe kila siku?

Atoke nje asubuhi, ndani ya saa 1 au 2 baada ya kuamka au mara tu kunapopambazuka, atembee nusu saa. Msimsikilize akisema "kuna mawingu". Mwanga wa nje siku ya mawingu unazidi kwa mbali ule wa taa za chumbani. Afungue pazia, akae karibu na dirisha, aamke saa ile ile hata Jumapili. Asinywe pombe kutafuta usingizi.

Kuna taa maalumu za tiba, zenye mwanga wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Mtu hukaa mbele yake dakika 20 hadi 30 asubuhi huku anasoma au anakunywa chai, macho wazi bila kuikodolea. Jioni asiiwashe, itamfukuzia usingizi. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, akawa hapati usingizi na anatumia pesa hovyo, aongee kwanza na daktari, maana taa hii inaweza kumrudisha kwenye hali hiyo. Na ikiwa hali ni mbaya, taa si mbadala wa daktari. Asisubiri taa ifike kwa posta.

Na vitamini D?

Anywe, lakini kwa ajili ya mifupa na misuli. Msiitegemee kuondoa sonona. Ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Uingereza wanashauri mikrogramu 10 kwa siku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na kwa wenye asili ya Afrika waifikirie mwaka mzima. Dozi kubwa kubwa za kujipangia zina madhara.

Daktari wa huko amemwandikia dawa za sonona. Amekunywa wiki moja, anasema hazisaidii. Aache?

Asiache. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Zikimsumbua, au akihisi mawazo mabaya yanazidi, ampigie daktari siku hiyo hiyo. Na Aprili ikifika, amechangamka, anataka kuzitupa, bado asizikatize ghafla: daktari ndiye atakayezipunguza kidogo kidogo, na wapange pamoja kabisa Septemba waanze vipi, kabla giza halijarudi.