Nani hasa anafanya kazi ndani ya tangi la tope?

Mhandisi wa mtambo wa majitaka akiniletea sampuli ya tope kutoka tangi la biogesi, swali lake karibu kila mara ni hili: humu mna bakteria gani? Kulijibu siku hizi si kazi. Tunasoma vinasaba, inatoka orodha yenye majina mamia. Ila orodha hiyo ukiichukua ilivyo, itakupotosha.

Tangi halina hewa, na kwa kawaida lina joto la nyuzi 35 hadi 37. Linalishwa tope linalotuama mwanzoni mwa mtambo, pamoja na tope la ziada kutoka mabwawa yanayopulizwa hewa. Hili la pili ndilo linalovuruga hesabu, kwa kuwa limejaa bakteria waliozoea oksijeni. Wakiingia tangini wengi wao hufa, lakini vinasaba vyao havitoweki siku ileile, na mashine ya maabara haimtambui aliye hai na aliyekufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalborg, waliochunguza matangi ya Denmark, walionyesha mwaka 2017 kwamba wengi wa wanaoonekana kwa wingi humo hawazaliani kabisa. Wanaletwa na tope, basi. Kwa hiyo mimi sipokei sampuli ya tangi peke yake. Nataka na ya tope linaloingia, nizilinganishe: anayeongezeka akiwa ndani, huyo ndiye mkaazi.

Wakaazi wanaovunja protini, mafuta na wanga kuwa asidi hawanipi wasiwasi. Ni wengi, wanazaliana upesi, na akipungua mmoja mwingine hushika nafasi yake. Panapokatikia kamba ni kwenye moja ya asidi hizo, ya propioniki. Bakteria kama Syntrophobacter huila na kutoa haidrojeni, lakini haidrojeni hiyo ikirundikana kidogo tu, kazi inasimama, maana hawapati tena nishati. Kanieneo yake inatakiwa ibaki chini ya takriban sehemu moja ya elfu kumi ya kanieneo ya angahewa. Anayeiondoa ni kiumbe wa kundi jingine kabisa, arkea, anayeiunganisha na hewa ukaa kutengeneza methani, gesi kuu ya biogesi. Huyu anaishi kwa taka za yule, na yule, huyu asipokuwepo, hawezi kula.

Ushirika huu ni wa karibu kiasi kwamba kwa miaka mingi kiumbe kilichoitwa Methanobacillus omelianskii kilihesabiwa kuwa spishi moja. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake walithibitisha kuwa ni viumbe wawili wanaokua pamoja.

Ukaribu huo unauona kwa macho. Weka tone la tope chini ya hadubini, limulike kwa mwanga wa urujuani: arkea wengi wanaotengeneza methani watang'aa kibuluu-kijani bila kupakwa rangi yoyote, kwa sababu ya kemikali ya F420 iliyomo mwilini mwao. Utawakuta ndani ya vibonge vya tope, wamebanana na majirani wasiong'aa. Haidrojeni husambaa yenyewe polepole, hivyo umbali mfupi ndio unaowaweka hai wote wawili. Ndiyo maana sipendi kabisa kuona tope likikorogwa kwa nguvu mfululizo: vibonge vinavunjika, washirika wanatengana.

Takriban theluthi mbili ya methani hutoka kwenye asidi ya asetiki. Hapo kuna arkea wa aina mbili: Methanosaeta, nyuzi ndefu zinazoridhika na asidi kidogo, na Methanosarcina, wanaokaa kwa mafungu, wanaopenda asidi ikiwa nyingi na kuvumilia zaidi amonia. Tangi lililokuwa la Methanosaeta likianza kujaa Methanosarcina, huwa nauliza mara moja limelishwa nini.

Likilishwa kupita kiasi, watengeneza asidi wanakimbia mbele na washirika wa haidrojeni wanabaki nyuma. Propioniki hupanda mapema. pH, kipimo cha ukali wa asidi, hukawia kushuka kwa kuwa bikaboneti iliyomo kwenye tope inaikinga. Wengi husubiri pH ishuke, kisha wanamwaga chokaa. Chokaa itapandisha pH, lakini haiondoi haidrojeni wala haimzalishi Syntrophobacter. Mimi nashauri kupima propioniki kila wiki na, ikianza kupanda, kupunguza chakula siku hiyohiyo, kisha kusubiri. Viumbe hawa huchukua siku kadhaa kuongezeka maradufu, kwa hiyo tangi lililoyumba halitengemai kesho yake.