Nyumba Tupu Nayo Ina Ritani: Landilodi Mpya na Ushuru wa MRI

Malalamiko ya landilodi wapya hufanana. Mtu amejisajili mwezi Machi kwa MRI, ushuru wa kila mwezi wa mapato ya nyumba za kupangisha, jengo likiwa bado linapakwa rangi, wapangaji wa kwanza wakaingia Juni, na anapofungua akaunti yake ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru ya Kenya (KRA), anakuta faini za Sh2,000 zimepangana, nyingine za miezi ambayo hakupokea hata shilingi. Anahisi ameonewa. Mfumo haukukosea: ulisubiri ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato, na haikuja.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Kodi ni anayolipa mpangaji. Ushuru ni anaolipa mwenye nyumba kutokana na kodi hiyo. Wanaochanganya haya mawili huishia kudhani kwamba ushuru huu ni wa kumtoza mpangaji juu ya kodi yake. Sivyo.

MRI ulianza Januari 1, 2016 kwa kiwango cha asilimia 10, na tangu Januari 1, 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mkazi wa Kenya anayepata kodi ya nyumba za kuishi ya zaidi ya Sh288,000 kwa mwaka lakini isiyozidi Sh15 milioni. Aliye nje ya mipaka hiyo, chini au juu, hutangaza mapato hayo kwenye ritani ya mwaka ifikapo Juni 30. Kuwa chini ya Sh288,000 si ruhusa ya kunyamaza.

Kinachotozwa ni kodi yote uliyopokea, kabla ya kuondoa chochote. Mshahara wa bawabu, kamisheni ya ajenti, rangi na riba ya benki haviondolewi. Hili limeelezwa tangu 2016, na bado watu hubeba risiti za fundi wa mabomba wakitaka zipunguze MRI. Hazipunguzi.

Chukua ploti ya bedsita 12 huko Ruiru, kila kimoja Sh8,500. Mwezi huu wamelipa wapangaji 10, kwa hiyo umepokea Sh85,000. Asilimia 7.5 yake ni Sh6,375. Wawili waliobaki wakilipa malimbikizo mwezi ujao, hesabu yao itaingia mwezi ujao, pesa zilipofika. Amana iwekee safu yake kwenye daftari, maana ni ya kurejeshwa. Lakini mpangaji akihama ukaikata kufidia kodi aliyokuwa akidaiwa, hiyo sasa ni kodi, iandike kama kodi. Hifadhi daftari, mikataba na taarifa za M-Pesa kwa miaka 5.

Utaratibu ni huu. Ingia iTax, rekebisha maelezo ya PIN yako, nambari ya mlipa ushuru, na uongeze wajibu wa MRI, ukichagua kwa uangalifu tarehe ya kuanza, kwa sababu mfumo utadai ritani kuanzia tarehe hiyo. Kila mwezi jaza ritani ya mwezi uliopita, yenye maelezo ya jengo na kodi iliyopokelewa, kisha tengeneza nambari ya malipo, PRN, na ulipe benki au kwa M-Pesa kupitia Paybill 222222, PRN ikiwa ndiyo akaunti. Yote mawili, ritani na malipo, mwisho wake ni tarehe 20. Kulipa bila kujaza ritani ni kosa, na kujaza bila kulipa ni kosa jingine. Mwezi usio na mpangaji una ritani ya sufuri.

Adhabu ya kuchelewesha ritani kwa mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa zaidi. Kwa kampuni ni Sh20,000 au asilimia 5. Kuchelewesha malipo kunaongeza asilimia 5 ya ushuru pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa ile Sh6,375, asilimia 5 haifiki hata Sh320, kwa hiyo kinachokuuma ni ile Sh2,000 ya ritani. Sahau miezi sita na ni Sh12,000 kabla hujagusa ushuru wenyewe.

Mwenye mkopo mkubwa anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA akiomba kutoka MRI na kutozwa kwa mwaka, ambapo riba na gharama za jengo huondolewa. Piga hesabu kwanza. Ploti ile ikiingiza Sh1,020,000 kwa mwaka, MRI ni Sh76,500. Tuseme riba na gharama ni Sh700,000, zikibaki Sh320,000. Asiye na mapato mengine hulipa Sh8,000 baada ya nafuu ya kibinafsi. Lakini aliyeajiriwa, ambaye mshahara wake tayari umefika ngazi ya asilimia 30, atalipa Sh96,000. Huyo abaki MRI.

Maduka ya chini ya jengo hayamo kabisa kwenye MRI. Kodi yake huingia kwenye ritani ya mwaka, na ikizidi Sh5 milioni kwa mwaka kuna VAT ya asilimia 16. Kufuli unayotaka kumpigia mwenye duka anayedaiwa si suala la ofisi ya ushuru, ila soma Sura ya 301, sheria inayowalinda wapangaji wa maduka, kabla ya kuinunua.

Ukipitishia kodi kwa ajenti, muulize kama Kamishna amemteua kukata ushuru. Kama ameteuliwa, atakata asilimia 7.5 na kuiwasilisha ndani ya siku 5 za kazi. Dai cheti cha makato. Bila hicho, jina lako ndilo litakaloonekana na deni.

Na ukiuza jengo, omba wajibu wa MRI uondolewe kwenye PIN yako. Hatimiliki kubadilishwa jina hakuuondoi, na mfumo utaendelea kusubiri ritani kila tarehe 20.